Akili mnemba wodini: imejifunza majibu ya nani?

Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Madaktari waliowapokea waliandika malaria kwenye mafaili ya wagonjwa 528, yaani takribani 61 katika kila 100. Vipimo makini vya maabara vilipokamilika, ilibainika kwamba malaria ndiyo iliyowaumiza wagonjwa 14 tu. Miongoni mwa wale waliokamilishiwa vipimo vya magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi ya mmoja kati ya wanne alikutwa nayo: homa ya mgunda, bruselosisi, homa ya Q, au homa zinazoenezwa na kupe. Siku ya kulazwa, hakuna faili hata moja ambalo magonjwa hayo yaliandikwa kama jambo la kufikiriwa.

Takwimu hizi hazipaswi kusomwa kama shutuma kwa madaktari. Mtu akifikishwa usiku kutoka Kahe au Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga yenye mbu, mwili unawaka na kichwa kinamgonga, daktari aliyelelewa katika nchi yenye malaria ataandika malaria na kuanza dawa, kwa sababu kuichelewesha kunaweza kuua. Kwamba mgonjwa huyo huyo ana ng'ombe wawili bandani nyuma ya nyumba, na kwamba wiki iliyopita alimsaidia mbuzi kuzaa kwa mikono mitupu, ni habari ambayo huenda hakuulizwa.

Sasa tuyachukue mafaili yale 870 kama yalivyokuwa asubuhi ya kulazwa, tuyaingize kwenye kompyuta na kuiambia ijifunze. Itatazama umri, joto la mwili, siku za kuumwa na kijiji anakotoka mgonjwa, kisha itatazama kile daktari alichoandika, na baada ya mizunguko mingi ya kukisia na kusahihishwa itaweza kutabiri vizuri ni mgonjwa yupi ataandikiwa malaria. Tukiijaribu kwa mafaili mengine ya hospitali zile zile, itafaulu mtihani, maana mafaili hayo nayo yameandikwa kwa mazoea yale yale, na kila inapokosea pamoja na daktari sisi tutahesabu kwamba imepatia. Kompyuta hiyo haikuwahi kumwona mgonjwa. Iliona yaliyoandikwa juu yake. Jambo hili ningependa msomaji alishike kabla ya mengine yote, kwa sababu mijadala mingi kuhusu akili mnemba hospitalini hukimbilia kuuliza kama mashine ni hodari kuliko daktari, ilhali swali linalotangulia ni mashine hiyo ilifundishwa kwa majibu ya nani, na majibu hayo yalithibitishwa kwa njia gani.

Jina lenyewe, ambalo wengine hulitamka akili bandia na wengine akili unde, limebeba vitu viwili ambavyo ni vizuri kuvitenganisha. Cha kwanza ni mfumo wa kanuni, ambamo wataalamu huketi na kuandika hatua: mtoto akiwa na kikohozi, hesabu anavyopumua kwa dakika moja, akivuka idadi fulani kwa umri wake, fanya hivi. Mfumo wa zamani unaojulikana sana wa aina hiyo ni MYCIN, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1970, ukiwa na kanuni zipatazo 600 za kuchagua dawa za maambukizi ya bakteria. Hapa Tanzania tunao mfano wa karibu zaidi. Mfumo uitwao ePOCT+, ambao humwongoza mhudumu hatua kwa hatua kupitia kishikwambi, ulijaribiwa katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro kwa ajili ya watoto wagonjwa. Katika vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Katika vituo vilivyopewa mfumo huo, pamoja na vipimo vichache vya haraka, mafunzo na usimamizi, idadi ilishuka hadi 23, na watoto hawakuugua zaidi kwa kunyimwa dawa wasizozihitaji. Mfumo wa namna hii haujifunzi wenyewe. Faida yake ni kwamba mtu anaweza kuifuata kila hatua kwa kidole na kusema: hapa ndipo nilipokubaliana nayo, na hapa ndipo nilipoachana nayo.

Cha pili, ambacho ndicho watu wengi hukimaanisha leo, ni mashine inayojifunza kwa mifano. Hapewi mtu kazi ya kuandika kanuni. Mashine huonyeshwa maelfu ya picha au mafaili pamoja na majibu, nayo hujitafutia mpangilio wowote utakaoifikisha kwenye jibu. Neno "wowote" lina uzito wake hapa. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Pittsburgh, Marekani, walitaka kompyuta itabiri ni mgonjwa gani wa nimonia aliye katika hatari ya kufa, ili wasio katika hatari watibiwe nyumbani. Mojawapo ya mifumo yao ilijifunza kwamba mwenye pumu hufa mara chache kuliko asiye na pumu. Katika mafaili, hilo lilikuwa kweli: wagonjwa wa pumu wakipata nimonia walikuwa wakikimbizwa moja kwa moja kwenye uangalizi maalumu, na uangalizi huo ndio uliowaokoa. Kompyuta iliona matokeo ya huduma ikayachukulia kuwa tabia ya ugonjwa. Laiti ingepewa mamlaka, ingewarudisha nyumbani wale waliohitaji kitanda kuliko wote. Kosa lilionekana kwa sababu mfumo huo ulisomeka. Mfumo mwingine wenye nguvu zaidi, ambao ndani yake hapasomeki, uliachwa kwa hofu kwamba ulijifunza mambo kama hayo bila mtu kuyaona.

Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi mwingine wa Marekani, wa programu iliyokuwa ikichagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo ilitumia gharama za matibabu kama kipimo cha ugonjwa, na kwa kuwa fedha kidogo zaidi zilikuwa zikitumika kwa wagonjwa weusi, iliwaona wana afya kuliko walivyo. Kipimo kiliposahihishwa kwenye hesabu za watafiti, sehemu ya wagonjwa weusi miongoni mwa wote waliostahili uangalizi ilipanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Mantiki hiyo haihitaji rangi ya ngozi ili ifanye kazi huku kwetu. Mfugaji wa Longido anayefika hospitali mara moja kwa mwaka, baada ya kushindwa kabisa kutembea, atakuwa na faili jembamba kuliko mkazi wa Sakina, jijini Arusha, anayeshuka kwenye daladala mlangoni mwa kliniki kila mwezi. Mashine inayopima uhitaji kwa unene wa faili itampa nafasi mkazi wa Sakina.

Eneo ambalo mashine hizi zimekwisha kupata kibali cha wazi ni picha za kifua kwa ajili ya kutafuta kifua kikuu. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kusoma eksirei ya kifua zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchunguza watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Picha ikiingia, baada ya muda mfupi hurudi na mambo mawili: doa la rangi, aghalabu jekundu katikati na njano pembeni, lililofunika sehemu ya pafu ambayo mashine imeitilia shaka, na namba moja, tuseme 64 katika 100. Wengi huisoma namba hiyo kama uwezekano wa mtu kuwa na TB. Sivyo ilivyo. Ni alama ya jinsi picha inavyofanana na picha zilizofundishiwa, na ili iwe uamuzi lazima mtu aweke kizingiti: kuanzia alama fulani mgonjwa atoe makohozi yakapimwe, chini ya hapo aende nyumbani.

Kizingiti kikishushwa, wagonjwa wachache watapita bila kuonekana, lakini watu wengi wazima, yaani wasio na TB, watapelekwa maabara; kikipandishwa, kinyume chake. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba kipimo cha uchunguzi wa awali kitambue walau wagonjwa 90 katika kila 100, na kiwaache salama walau wazima 70 katika kila 100. Tupige hesabu kwa mashine inayofikia lengo hilo barabara. Tukiipeleka mahali ambapo kati ya watu 1,000 kuna wagonjwa 10, itawakamata 9 na kumkosa 1. Katika wazima 990 itawatilia shaka 297. Jumla ya walioambiwa "subiri, tupime makohozi" ni 306, na wenye ugonjwa kati yao ni 9, yaani takribani 3 katika kila 100. Mashine hiyo hiyo, bila kubadilishwa hata msumari, tukiipeleka kwenye kundi ambalo kati ya watu 1,000 kuna wagonjwa 100, itakamata 90 na kutilia shaka wazima 270. Hapo kila mtu wa nne aliyeshikwa ni mgonjwa kweli. Mtu akikuambia kwamba mashine fulani ina usahihi wa asilimia 90, bado hajakuambia neno lolote kuhusu maana ya jibu lake mbele ya mgonjwa uliye naye, mpaka ujue mgonjwa huyo ametoka katika watu gani.

Kwa kanda yetu swali hilo ni la kila siku. Wachimbaji wa tanzanaiti wa Mirerani huvuta vumbi la mawe kwa miaka, na vumbi hilo huacha makovu mapafuni na pia huwaongezea hatari ya kupata TB. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, imekuwa ikitibu kifua kikuu tangu 1926 na inawafahamu wagonjwa hao. Pafu la mchimbaji lenye makovu ya vumbi, au la mtu aliyewahi kuugua TB akapona, linaweza kuifanya mashine ipige kelele ilhali hakuna kimelea hai. Imeshaonekana katika majaribio kwamba programu hizi hupungukiwa usahihi kwa wazee na kwa waliowahi kuugua. Ndiyo maana mwongozo unataka kizingiti kipangwe upya kwa watu wa mahali husika. Kizingiti kilichopangwa kwa wakazi wa mji fulani wa Asia, kikibebwa kama kilivyo hadi Mirerani, kitawajaza watu kwenye foleni ya makohozi au kitawarudisha mgodini wakiwa wanaambukiza, na hakuna atakayejua ni lipi kati ya hayo mawili linalotokea bila kupima.

Kuna mfano mwingine ambao nauona ni wa Arusha hasa. Kuzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngarenanyuki hadi Maji ya Chai, maji yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa kimataifa. Kila mtu huku anayajua meno ya kahawia. Wachache wanajua kwamba kwa waliokunywa maji hayo miaka mingi, floraidi huingia pia kwenye mifupa na kuifanya ionekane myeupe na mizito kuliko kawaida kwenye eksirei, na mishipi inayoshikilia uti wa mgongo huweza kugeuka kama mfupa. Mzee mwenye maumivu ya mgongo akipigwa picha, weupe huo unaweza kufananishwa na saratani iliyosambaa kutoka kwenye tezi dume, ambayo nayo huifanya mifupa iwe myeupe. Daktari aliyefanya kazi Arusha muda mrefu atamwomba mzee afungue kinywa, atayaona meno, atamuuliza alikulia wapi, na mawazo yake yataelekea kwingine. Programu iliyofundishwa kwa picha za nchi ambako watu hawanywi maji ya aina hii haina pa kuyatoa mawazo hayo. Haitasema kwamba haijui. Itatoa namba, kwa utulivu ule ule inaoutumia inapopatia.

Hata kinachoingia kwenye mashine kinahitaji kutiliwa shaka. Kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho mifumo mingi hutegemea usomaji wake, kiliripotiwa mwaka 2020 huko Marekani kwamba huficha upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kwa wagonjwa weusi: asilimia 11.7 dhidi ya 3.6 kwa weupe. Namba ikiingia na kosa, mashine haina njia ya kulisahihisha.

Jibu la kawaida kwa wasiwasi huu ni kwamba daktari ndiye mwenye neno la mwisho, kwa hiyo makosa ya mashine yatachujwa. Ningependa iwe hivyo, lakini ushahidi unataka tahadhari. Mwaka 2023 wataalamu 27 wa kusoma picha za matiti walipewa mapendekezo waliyoamini yametoka kwa akili mnemba, mengine sahihi na mengine yaliyokosewa kwa makusudi. Pendekezo lilipokuwa sahihi, wasio na uzoefu walipatia takribani mara 80 katika 100. Lilipokuwa na kosa, walipatia takribani mara 20. Hata wenye uzoefu mkubwa walishuka kutoka 82 hadi chini ya 46. Hao walikuwa wataalamu waliotulia mbele ya picha za jaribio. Tabibu aliye peke yake kwenye zahanati ya pembezoni, foleni imefika kwenye mwembe, ataipinga namba iliyo kwenye skrini kwa nguvu gani, na akiipinga akakosea, atajieleza vipi kwa mganga mfawidhi? Kosa la kufuata mashine huonekana kama bahati mbaya, na kosa la kuikataa huonekana kama kiburi. Mpaka uongozi wa hospitali uandike wazi kwamba kuikataa mashine kwa sababu iliyoelezwa ni sehemu ya kazi, neno la mwisho la daktari litabaki kwenye karatasi.

Mashine pia huja kwenye chumba, na chumba kina mambo yake. Google walipopeleka Thailand programu ya kutambua madhara ya kisukari machoni, katika kliniki 11, zaidi ya picha moja kati ya tano zilikataliwa na mfumo kwa kukosa ubora, kwa kuwa zilipigwa kwenye vyumba vyenye mwanga usiofaa, na wagonjwa waliokataliwa picha zao walitakiwa kwenda kuonana na mtaalamu mahali pengine, hata pale muuguzi alipoona jicho halina tatizo. Anayeijua gharama ya nauli ya kutoka Tarakea kwenda Moshi na kurudi, na siku nzima ya shamba inayopotea, ataelewa kwamba kosa la aina hiyo hulipwa na mgonjwa.

Tangu programu zinazojibu kwa maandishi zilipoenea, suala limepata sura nyingine. Nairobi, katika kliniki 15 za Penda Health, programu ya namna hiyo iliwekwa nyuma ya mfumo wa kuandikia taarifa za wagonjwa ili isome anachoandika mhudumu na kuwasha rangi: kijani kama hakuna tatizo, njano kama kuna la kuangalia, nyekundu kama kuna hatari. Taarifa iliyotolewa mwaka 2025, iliyohusu mahudhurio 39,849, ilionyesha makosa ya utambuzi wa ugonjwa yakipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Ninachokipenda katika mpangilio huo ni kwamba mhudumu hufikiri kwanza, mashine husema baadaye.

Lakini programu hizo husoma kilichoandikwa, na maradhi yetu huanza kwa kusemwa. "Shikamoo bibi, leo unasumbuliwa na nini?" "Marahaba mwanangu. Kichomi, na mwili hauna nguvu." "Kichomi kiko wapi, bibi? Nionyeshe kwa mkono." Bibi anaweka kiganja chini ya mbavu za kulia, na hapo neno moja lililoweza kuwa nimonia, moyo, nyongo au msuli linaanza kupungua maana. Kichomi, vidonda vya tumbo kwa maana ya kila maumivu ya tumbo la juu, presha kwa maana ya kizunguzungu: maneno haya yakitafsiriwa haraka ili yaingie kwenye skrini, hugeuka kuwa jina la ugonjwa kabla mtu yeyote hajaugusa mwili wa mgonjwa. Nionavyo mimi, programu isiyojaribiwa kwa Kiswahili kinachosemwa na wagonjwa wenyewe haijajaribiwa kwa ajili yetu.

Kwa upande wa sheria tumeanza kuwa na pa kusimamia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inampa mtu haki kuhusu maamuzi makubwa juu yake yanayofanywa na mashine peke yake. Mgonjwa ana haki ya kuuliza picha yake imepelekwa wapi na kwa kazi gani.

Nirudi kwenye wagonjwa wale wa Moshi, kwa sababu kuna jambo sijalieleza. Ili kuthibitisha homa ya mgunda au homa za kupe, damu ya siku ya kulazwa haitoshi. Hulazimu kuchukua nyingine baada ya wiki nne hadi sita, kisha zilinganishwe ili ionekane kama kinga ya mwili dhidi ya kimelea hicho imepanda. Tunajua kilichowaumiza watu wale kwa sababu wengi wao, baada ya kupona na kurudi kwenye migomba na mifugo yao, walipanda gari wakarudi hospitalini kutoa damu mara ya pili, ingawa hawakuwa wagonjwa tena. Hospitali inayotaka mashine ya kuisaidia kutambua homa italazimika kwanza kupanga bajeti ya safari hiyo ya pili: nauli ya mgonjwa, simu ya kumkumbusha, jokofu la kutunzia damu, na mtu wa kuandika jibu lililothibitishwa kwenye faili lile lile lililoandikwa malaria.